Sura ya Saba: Nani Anaisubiri Diski?

Diski ngumu ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 120 kwa sekunde, au mzunguko mmoja kila milisekunde 8.3. Anayetaka kuelewa kwa nini kompyuta yake ya Linux inakokota lazima aanze na namba hiyo, kabla hajagusa amri hata moja, maana mengi yatakayofuata katika sura hii yanatoka humo.

Data hukaa juu ya sahani zinazozunguka, katika njia nyembamba za duara. Ili kusoma kipande kimoja, kichwa cha diski husogea kwanza hadi kwenye njia inayotakiwa, na safari hiyo huchukua wastani wa milisekunde 9 hivi. Kikifika hakisomi papo hapo. Kinangoja sekta yenyewe izunguke mpaka ifike chini yake, na wastani wa kungoja huko ni nusu mzunguko, yaani milisekunde 4.2. Jumlisha, unapata milisekunde 13 kwa safari moja. Kwa hiyo sekunde moja inatosha safari 75 hivi, basi. Hakuna programu wala toleo jipya la Linux litakaloifanya sahani izunguke haraka kuliko ilivyoundwa.

Sasa fanya hesabu. Ikiwa kila safari inaleta kipande cha kilobaiti 4, diski itakupa takriban kilobaiti 300 kwa sekunde. Diski hiyohiyo ikisoma faili moja kubwa lililopangwa mfululizo, kichwa hakina haja ya kuhamahama, nayo hutoa megabaiti 150 kwa sekunde. Gigabaiti moja iliyo mfululizo husomwa kwa sekunde 7. Gigabaiti hiyo ikiwa imetawanyika katika vipande vya kilobaiti 4 huchukua karibu saa nzima. Na diski ni nzima, haina kasoro yoyote. Mtunza ghala akiombwa magunia mia kutoka rundo moja atayatoa kabla jua halijapanda. Mwombe bidhaa mia kutoka kona mia, moja moja, na jioni itamkuta bado anatembea. Hajawa mvivu. Ameagizwa vibaya.

Hali ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Diski ngumu ya kwanza kuingia sokoni, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, ilibeba herufi milioni 5, na ilihitaji wastani wa milisekunde 600 kuifikia rekodi moja. Leo diski ya terabaiti 20 inabeba mara milioni nne ya mzigo ule, lakini safari ya kichwa haijaharakishwa hata mara hamsini. Uwezo wa kubeba umeuacha mbali mno uwezo wa kufika. Pengo hilo linawaumiza watumiaji wa sasa kuliko wa zamani, kwa sababu programu nyingi wanazotumia zimeandikwa na watu wenye diski za SSD, ambazo hazina kichwa wala sahani na hufanya makumi ya maelfu ya safari kwa sekunde. Mwandishi wa programu hahisi chochote anapofungua mafaili madogo elfu moja. Wewe mwenye diski ya kuzunguka unahisi.

Linux yenyewe ilizaliwa juu ya diski za kuzunguka. Linus Torvalds alipoutangaza mradi wake tarehe 25 Agosti 1991, alitahadharisha kwamba huenda usikubali kamwe diski nyingine isipokuwa zile za kompyuta za AT, kwa kuwa ndizo pekee alizokuwa nazo. Na haikuchukua muda mrefu watu wakaanza kujiuliza namna ya kupima usumbufu wa diski hizo. Mwaka 1993 Matthias Urlichs aliona jambo lisiloingia akilini: ukiiondoa diski ya haraka inayotumika kwa swapu, yaani kuisaidia RAM iliyojaa, ukaweka ya polepole, wastani wa mzigo unaoonyeshwa na Linux unashuka, ilhali mashine imezidi kuwa nzito. Alipeleka kiraka kifupi cha kurekebisha, na tangu hapo Linux huingiza katika wastani wa mzigo hata programu ambazo hazifanyi kazi yoyote, zimekwama tu zikisubiri diski.

Kiraka kile kingali kinawachanganya watu hadi leo. Unaandika uptime, unaona mzigo wa 12 kwenye kompyuta yenye prosesa ya viini vinne, unadhani prosesa imeelemewa. Unafungua top, unakuta prosesa imetulia. Mtu asiyejua historia hii ataanza kuhisi virusi. Kumbe ni programu kumi na mbili zilizopanga foleni mbele ya diski moja. Keneli huziwekea programu hizo alama ya herufi D, hali ya usingizi usioweza kukatizwa; hata kill -9 kwa kawaida haiziondoi mpaka diski ijibu. Ukitaka kuziona kwa majina, andika ps -eo state,pid,cmd | grep '^D', rudia mara kadhaa, na uangalie jina gani linajirudia.

Huo ndio mwanzo sahihi wa uchunguzi, kwa maoni yangu. Kabla hujauliza diski ina nini, uliza nani anaisubiri. Wengi hufanya kinyume. Wanasakinisha Linux upya, wanahama kutoka Ubuntu kwenda Debian, wanafomati, wananunua diski nyingine, halafu baada ya wiki mbili uzito unarudi kwa sababu chanzo chake hakikuguswa. Kupima hakugharimu chochote, na zana zote zipo bure.

Anza na vmstat 1, inayochapisha mstari mmoja kila sekunde. Safu ya b inahesabu programu zilizokwama. Safu ya wa inaonyesha asilimia ya muda ambao prosesa ilikaa bure huku kukiwa na kazi ya diski inayosubiriwa. Safu hii ina mtego wake: kama prosesa ina kazi nyingine ya kufanya, wa inashuka hata kama diski imezidiwa kabisa. Kwa hiyo wa kubwa ni ushahidi, lakini wa ndogo haithibitishi kitu. Kwenye keneli mpya, kuanzia toleo la 4.20 la Desemba 2018, kuna kipimo cha kuaminika zaidi katika faili /proc/pressure/io, ikiwa usambazaji wako umekiwezesha. Mstari wa some unakuambia ni sehemu gani ya muda ambapo angalau programu moja ilikwama kwa ajili ya diski, na mstari wa full ni muda ambao zote zilizokuwa na kazi zilikwama pamoja. Namba ya avg10 kwenye mstari wa full ikizidi 20 au 30 wakati unalalamika, malalamiko yako ni ya haki.

Bado hujamaliza na vmstat. Tazama safu za si na so, kwa sababu hapa ndipo diski inaposingiziwa kuliko mahali pengine popote. Safu hizi zinaonyesha kiasi cha kumbukumbu kinachohamishwa kati ya RAM na eneo la swapu lililo kwenye diski. Namba zikiruka mara moja moja, hakuna neno. Zikibaki juu dakika baada ya dakika, kompyuta yako imeishiwa RAM, na keneli inajaribu kuitumia diski yenye safari 75 kwa sekunde mahali pa kumbukumbu inayojibu kwa sehemu ndogo mno ya milisekunde. Hakuna diski ya kuzunguka itakayoimudu kazi hiyo, hata mpya kutoka kwenye boksi. Kompyuta ya gigabaiti 4 yenye kivinjari kilichofunguliwa kurasa thelathini huingia katika hali hii kila siku. Ongeza RAM kama ubao unaruhusu. Kama hauruhusu, punguza kurasa na uwashe zram, ambayo hubana kumbukumbu na kuiweka ndani ya RAM yenyewe badala ya kuituma kwenye diski. Fedora imekuwa ikifanya hivyo bila kuombwa tangu toleo la 33 la mwaka 2020, na mashine ndogo zimenufaika sana.

Ikiwa swapu haihusiki, fungua iotop kwa mamlaka ya root, ukitumia iotop -oPa. Itakutajia kwa jina kila programu inayosoma au kuandika, pamoja na jumla yake tangu ulipoianzisha. Mara nyingi utakuta ni updatedb inayopitia mafaili yote ili locate iyapate baadaye, au tracker na baloo zinazotengeneza faharasa ya nyaraka zako, au programu ya kuhifadhi nakala iliyopangwa kuanza wakati uleule unaowasha mashine. Hizi ni kazi za vipande vidogo vilivyotawanyika, yaani aina ileile tuliyoihesabu mwanzo wa sura. Zihamishie usiku au uzizime, na kompyuta itapumua.

Zana ninayoitegemea kuliko zote ni iostat, inayokuja katika kifurushi cha sysstat. Andika iostat -xz 2, uipuuze taarifa ya kwanza, kwa kuwa hiyo ni wastani wa tangu mashine ilipowashwa, kisha usome zinazofuata. Mafundi wengi hukimbilia safu ya mwisho, %util, wakiona 100 wanatangaza kuwa diski imejaa kazi. Safu hiyo inasema tu kwamba wakati wote kulikuwa na angalau ombi moja mbele ya diski. Haisemi ombi hilo lilihudumiwa vizuri au vibaya. Soma badala yake safu mbili kwa pamoja: maombi mangapi yanakamilika kwa sekunde, r/s na w/s, na kila ombi limesubiri milisekunde ngapi, r_await na w_await.

Tuseme unaona maombi 70 kwa sekunde na kungoja kwa milisekunde 140. Zidisha 70 kwa sekunde 0.14, utapata 9.8, na safu ya aqu-sz itakuonyesha karibu namba hiyohiyo: wastani wa maombi kumi yako kwenye foleni muda wote. Diski inafanya safari zake 70, yaani inafanya kazi kwa uwezo wake wote, ila wanaoihitaji ni wengi. Hii ni diski nzima iliyozidiwa.

Sasa tuseme unaona maombi mawili tu kwa sekunde, na kila moja limesubiri milisekunde 900, huku %util ikisoma 100. Hakuna msongamano wa kuelezea jambo hilo. Diski yenye uwezo wa safari 75 imefanya mbili. Hii ni diski inayougua, au kebo yake, au umeme wake. Tofauti ya picha hizi mbili ndiyo inayoamua kila hatua itakayofuata, na ajabu ni kwamba kwa mtumiaji aliye mbele ya skrini zote mbili zinahisi sawasawa.

Kwanza diski iliyozidiwa. Umeshajua nani anaizidi, kwa hiyo nusu ya dawa unayo. Kuna hali moja ya kuandika inayostahili maelezo zaidi kwa kuwa imewasumbua watu miaka mingi, hata ikapata umaarufu kwa namba yake katika orodha ya hitilafu za keneli: 12309. Unanakili filamu kwenda kwenye flashi, na kompyuta nzima inaganda, hata kielekezi cha kipanya kinasitasita. Sababu moja kubwa ni kwamba Linux haiandiki papo hapo. Hukusanya data ndani ya RAM kwanza, na kwa mpangilio wa kawaida huruhusu hadi asilimia 20 ya kumbukumbu iliyopo ijae data isiyoandikwa. Asilimia hiyo ilikuwa ndogo enzi za megabaiti 256. Kwenye mashine ya gigabaiti 16 ni kama gigabaiti 3, na flashi inayoandika megabaiti 5 kwa sekunde itahitaji dakika kumi kuimaliza. Katika dakika hizo, programu isiyo na uhusiano wowote na flashi ikitaka kuandika, inaweza kusimamishwa nayo ingoje. Weka kikomo cha ukubwa badala ya asilimia: vm.dirty_background_bytes iwe megabaiti 64 na vm.dirty_bytes iwe megabaiti 256, katika faili lililo chini ya /etc/sysctl.d, namba zikiandikwa kwa baiti. Keneli 4.10 ya mwaka 2017 iliongeza utaratibu wa Jens Axboe wa kuzuia uandishi unaoendelea chinichini usiwazibe wanaosoma, na hali imekuwa nafuu, lakini kikomo hicho bado kina faida kwa mwenye diski ya kuzunguka.

Mwaka huohuo, katika keneli 4.12, kiliingia BFQ, kipanga foleni kilichotokana na kazi ya Paolo Valente na wenzake wa Chuo Kikuu cha Modena nchini Italia. Kinagawa muda wa diski kwa haki na kuipendelea programu ambayo binadamu anaisubiri. Angalia kilichopo kwa cat /sys/block/sda/queue/scheduler. Kilicho ndani ya mabano ndicho kinachotumika. Kwa diski ya kuzunguka kwenye kompyuta ya mezani ningechagua BFQ bila kusita. Hakiongezi safari hata moja juu ya zile 75. Kinabadilisha tu nani ahudumiwe kwanza, na kwa aliye mbele ya skrini hilo ni jambo kubwa. Ushauri mwingine uliozoeleka, wa kuweka noatime ili Linux isiandike muda kila faili linaposomwa, umepungua uzito tangu mwaka 2009, keneli ilipoanza kutumia relatime yenyewe. Usiutegemee.

Diski ya nje inapokokota, mara nyingi sababu ni rahisi: imechomekwa kwenye tundu la USB 2, ambalo kwa vitendo halipitishi zaidi ya megabaiti 40 kwa sekunde. Amri lsusb -t itaonyesha 480M mahali ulipotegemea 5000M. Na kama kompyuta inaganda sekunde chache kila baada ya kimya kirefu, halafu inaendelea vizuri, diski ilikuwa imelala ili kuokoa umeme; hdparm -B itakuonyesha mpangilio huo.

Zipo pia diski nzima, zisizozidiwa, ambazo zimepunguzwa mwendo na jinsi zilivyoundwa au zilivyogawanywa. Kuanzia miaka ya 2010 watengenezaji waliacha sekta za baiti 512 wakahamia za baiti 4,096, lakini wakaziacha diski ziendelee kujitambulisha kama za zamani ili zisikataliwe na programu. Zana za kugawa diski za wakati ule zilikuwa zikianzisha sehemu ya kwanza kwenye sekta ya 63, desturi iliyorithiwa kutoka diski za kale. Namba 63 haigawanyiki kwa 8. Matokeo yake, kila kipande cha kilobaiti 4 kinapanda sekta mbili halisi, nusu huku na nusu kule, na diski hulazimika kusoma zote mbili, kungoja mzunguko mzima, ndipo iandike. Kuandika kulidorora mno, na aliyesoma tu hakuona tofauti kubwa. Zana za sasa huanzia sekta ya 2048. Kama mfumo wako umehamishwa kutoka diski hadi diski kwa kunakili tangu zamani, hakiki kwa parted /dev/sda align-check optimal 1.

Jambo la pili ni SMR, mbinu ya kubandika njia za data zikilaliana kama vigae vya paa ili diski ibebe zaidi. Kusoma hakuathiriki, lakini huwezi kuandika upya njia moja bila kuigusa jirani yake, kwa hiyo diski hulazimika kuandika upya kundi zima. Mwanzoni huoni kitu, kwa kuwa diski huweka maandishi mapya katika eneo dogo la kawaida. Eneo hilo likijaa, mwendo huanguka hadi megabaiti chache kwa sekunde na kubaki hapo. Mwezi Aprili 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo za nyumbani, zilitumia SMR bila mnunuzi kuambiwa. Watu waligundua pale diski mpya zilipokataliwa na mifumo ya RAID wakati wa kujengwa upya. Nasema wazi kwamba kumficha mnunuzi sifa kama hiyo ni kumdhulumu. Kabla ya kununua, tafuta namba kamili ya modeli katika orodha ya mtengenezaji, na kama ni SMR itumie kwa filamu na nakala za akiba, si kwa mfumo wa uendeshaji wala hifadhidata.

Kelele nazo zinahesabika. Mwisho wa mwaka 2008 Brendan Gregg, wakati huo akiwa Sun Microsystems, alirekodiwa akizipigia kelele diski za seva huku grafu ikionyesha muda wa kungoja ukipaa palepale. Kichwa cha diski huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na mtikisiko mdogo unatosha kukitoa kwenye njia. Septemba 2016 benki ya ING ilifanya jaribio la mfumo wa kuzima moto katika kituo chake cha data mjini Bucharest, Romania. Gesi ilitoka kwa kishindo kikubwa mno, mtikisiko ukaharibu diski, na huduma za benki zikasimama kwa saa nyingi. Kompyuta yako haitapigiwa kishindo cha namna hiyo, lakini spika kubwa juu ya meza moja na kasha lake, au feni iliyolegea ndani yake, ni jambo la kuondoa kabla ya kulaumu Linux.

Turudi kwenye picha ya pili, ya maombi machache yanayosubiri muda mrefu. Hapa fungua daftari la keneli kwa dmesg -T na utafute mistari yenye ata au I/O error. Ukikuta hard resetting link ikijirudia, au SATA link up 1.5 Gbps kwenye ubao unaopaswa kutoa 6.0, keneli imekuwa ikipunguza mwendo makusudi ili ipate mawasiliano ya kuaminika. Diski ikikutana na sekta isiyosomeka hujaribu tena na tena, na Linux huipa kila amri sekunde 30 kabla ya kuingilia kati. Hizo sekunde 30 ndizo zile ambazo skrini yako ilisimama.

Kisha andika smartctl -a /dev/sda. Zana hii ni sehemu ya smartmontools, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Bruce Allen, mtafiti wa mawimbi ya uvutano aliyekuwa na makundi ya kompyuta zenye diski nyingi za kulinda. Usihangaike na mstari unaosema PASSED. Diski nyingi hufa zikiwa bado zinauonyesha. Angalia safu ya mwisho kwenye mistari minne ya jedwali, inayotambulika kwa namba zake. Namba 199 ikiongezeka, tatizo ni mawasiliano: badilisha kebo ya SATA, kitu cha bei ndogo kabisa katika sura hii, kisha uangalie kama hesabu imesimama, kwa kuwa hairudi sifuri. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kufa na kubadilishwa na za akiba. Namba 197 ni zile zinazosubiri hukumu, na 198 ni zilizoshindikana.

Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la uchunguzi wa sahani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Lakini walipata pia jambo la kutisha: zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja kati ya zile kubwa. Maana yake, dalili ikionekana iamini, na isipoonekana usijihakikishie.

Hili linawahusu sana wanunuzi wa kompyuta za mtumba huku kwetu, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue. Mashine zile zimetoka maofisini ambako hazikuzimwa, na diski iliyowaka mwaka mzima bila kuzimwa hukusanya saa 8,760. Nenda dukani na flashi yenye Linux, iwashe mashine kwa flashi hiyo, soma namba 9 ya smartctl. Ukikuta saa 40,000, diski imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu mfululizo, na bei inapaswa kushuka hadi iweze kulipia SSD. SSD ya gigabaiti 240 kwa ajili ya mfumo, huku diski ya zamani ikibaki kwa filamu na nyaraka kubwa, ndiyo tiba bora kwa mashine ya zamani.

Diski ikionyesha ugonjwa, usianze na fsck, kwa kuwa huandika juu ya diski ambayo huenda imebakiwa na saa chache. Usianze na jaribio refu la smartctl pia. Anza na nakala. Programu ya GNU ddrescue huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ndipo irudi kwenye zile ngumu, na huweka ramani ya kazi yake ili uweze kuendelea hata umeme ukikatika: ddrescue -d /dev/sda nakala.img ramani.map, faili la nakala likiwa kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Marekebisho yoyote yafanye juu ya nakala nyingine ya faili hilo.

Sasa fungua terminali uandike smartctl -A /dev/sda. Kama namba 197 si sifuri, kiweke kitabu hiki kando na uhamishe nyaraka zako leo; sura ya nane itakungoja.